Mwizi Anaijua Kufuli Yako

Ikiwa ufunguo wa mlango wako wa nyuma unakaa chini ya chungu cha maua, au ndani ya kiatu kibovu kilichoachwa barazani, usinune nikikuambia kwamba mtaa mzima unajua. Fundi bomba anajua. Mtoto anayeleta maziwa anajua. Kijana aliyekupakia rangi alijua tangu siku ya pili, na sasa amehamia mtaa mwingine na anasimulia. Mwenye nyumba ndiye peke yake anayeendelea kuiita siri.

Mazoea haya ya kutegemea kwamba mwizi hajui ndiyo nataka tusemezane leo. Tumeyatoa mlangoni tukayaingiza kwenye simu kama yalivyo, na simu siku hizi ndiyo benki yetu, sanduku letu la barua na kabati letu la vyeti.

Mwaka 1883 mwalimu wa lugha mjini Paris, Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi, aliandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa makala juu ya maandishi ya fumbo ya majeshi. Aliweka masharti sita. La pili ndilo lililobaki midomoni mwa wataalamu hadi leo: utaratibu wa kufumba maneno usihitaji kuwa siri, na ukiangukia mikononi mwa adui pasiwe na dhara. Yaani unapotengeneza kufuli, chukulia kwamba adui ameinunua, ameifungua kipande kwa kipande, ameichora. Asichokuwa nacho ni ufunguo tu. Ufunguo ni kitu kidogo. Ukipotea unachonga mwingine jioni hiyohiyo. Utaratibu mzima ukivuja, utawafundisha upya askari wangapi, na adui atakungoja?

Wengi wetu tunaamini kinyume chake, kwamba kilicho imara ni kile kisichojulikana na mtu. Basi tutazame Wamarekani walivyofanya. Mwaka 1997 taasisi yao ya viwango ilipotaka njia mpya ya kufumba taarifa, haikujifungia chumbani. Ilitangaza shindano kwa ulimwengu mzima, mapendekezo 15 yakapokelewa na kuwekwa hadharani, na kila mjuzi akaalikwa ayavunje akiweza. Walioshinda ni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 njia yao ikawa kanuni rasmi kwa jina la AES. Mwanafunzi yeyote wa chuo anaweza kuisoma hatua kwa hatua. Ndiyo inayofunga sehemu kubwa ya mawasiliano ya benki na simu duniani, na kwa miaka zaidi ya ishirini ya kushambuliwa mchana kweupe hakuna aliyeivunja kwa namna ya kumfaa mwizi.

Upande wa pili waweke vijana wa shule wanaoandikiana vikaratasi kwa kusogeza kila herufi hatua tatu mbele. NJOO KESHO inageuka QMRR NHVKR. Wenyewe wanajiona majasusi. Mwalimu akikiokota kikaratasi hana haja ya kumchapa mtu ili aambiwe. Neno la Kiswahili karibu siku zote huishia na irabu, na irabu ni tano tu. Maneno yote mawili yameishia na R. Basi R ni irabu. Akiijaribu A, neno la kwanza linakuwa ZVAA, upuuzi. Akiijaribu E anapata DZEE, akiijaribu I anapata HDII. Akija kwenye O, njoo inajisoma yenyewe, na kesho inafuata. Chai yake haijapoa.

Werevu huo si wa jana. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika risala nzima juu ya kuhesabu herufi: inayojirudia mno kwenye fumbo, ilinganishe na inayojirudia mno katika lugha yenyewe. Kwa Kiswahili ungeanza na A, wala usingekaa sana. Lugha yetu ni tamu, lakini kwa kazi hii ni mdaku.

Wale vijana walitegemea mwalimu asijue hila yao. Lakini hata fumbo gumu kweli huangushwa na mwenyewe, na kisa kikubwa cha jambo hili kilipita katika pwani yetu. Aprili 1942, ndege za Japani ziliposhambulia Colombo, Waingereza waliokuwa wakinasa na kufumbua simu za upepo za Wajapani waliondolewa huko wakaletwa Kilindini, Mombasa. Walipewa majengo ya shule ya Allidina Visram, inayotazama Bahari ya Hindi. Miongoni mwa mafumbo yaliyowasumbua ni lile lililoitwa JN-40, lililotumiwa na meli za mizigo za Japani. Kisha karani mmoja wa Kijapani akatuma ujumbe, akasahau kutaja meli ilipo. Angeweza kutuma nyongeza fupi. Yeye akauandika upya ujumbe uleule, akapachika alichosahau, akaufunga kwa ufunguo uleule aliotumia mara ya kwanza. Wale wa Kilindini wakaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, wakatazama zinapofanana na zinapoachana. Kufikia Novemba mwaka huohuo walikuwa wakizisoma habari za meli hizo kadiri zilivyoingia, hata zile za nyuma walizokuwa wamezihifadhi bila kuzielewa.

Karani yule hakuwa msaliti. Alikuwa mtu wa kazi anayesahihisha kosa lake. Wajerumani nao, pamoja na mashine yao ya kufumba maneno, Enigma, iliyosifiwa mno, walikuwa na kanuni ya kuandika herufi tatu za ufunguo mara mbili mfululizo mwanzoni mwa kila ujumbe, ili mpokeaji asikosee. Mpolandi Marian Rejewski akaingilia hapohapo mwaka 1932. Walichokiweka kwa usalama wa mpokeaji kikawa mlango wa mgeni.

Sasa itoe simu yako mfukoni. Namba ya siri ya tarakimu nne, kuanzia 0000 hadi 9999, ina namna 10,000. Mwizi aliyeiba simu na kupewa nafasi tatu kabla ya kufungiwa, bahati yake ni tatu katika elfu kumi. Hiyo ni kinga njema kabisa, na wala si siri jinsi inavyofanya kazi. Lakini wewe ukichagua mwaka uliozaliwa, zile elfu kumi umezipunguza zikawa labda sitini, na kwa anayekufahamu umembakishia moja. Mwaka huo umo kwenye kitambulisho chako kilichomo kwenye pochi hiyohiyo iliyoibwa pamoja na simu. Anayetumia 1234 sina la kumwambia, kwa sababu hajafunga.

Na hata namba ikiwa nzuri, tunaifanyaje? Simama kibandani kwa wakala wa pesa za simu siku ya mwisho wa mwezi. Foleni ndefu, jua kali, mzee miwani kaisahau nyumbani. Anampa wakala simu yenyewe, kisha anamnong'oneza namba, kwa ule mnong'ono wa mtu asiyesikia vizuri: sita, moja, tisa, mbili. Watu saba nyuma yake wameisikia. Mmoja wao si mtu mwema. Sisemi wakala ni mwizi. Wengi wao ni waaminifu kuliko sisi wateja. Nasema mzee amekwisha kuitawanya kinga yake, na kesho hataibadili. Ewe kijana uliye naye kwenye foleni, mfundishe babu yako kubonyeza mwenyewe, kwa upole, hata ikichukua siku nzima.

Kisha kuna ule ujumbe ambao ni nadra kumkuta mwenye simu Tanzania asiyewahi kuupata: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Tunaucheka. Tunajiuliza ni nani anayeweza kudanganywa na kitu kama kile. Lakini fikiri kama mtumaji. Hana haja ya kuvunja AES, wala hakujui wewe. Ametupa ujumbe kwa watu wengi sana, naye anamsubiri mmoja tu ambaye asubuhi ile mwenye nyumba alimwambia, nitakutumia namba ya kulipia kodi. Kwa mtu huyo ujumbe umefika saa yake. Si mjinga hata kidogo. Ana deni, na anataka kulimaliza kabla hajaaibishwa. Dawa yake ni ndogo: ampigie mwenye nyumba kwa ile namba ya siku zote, amsikie sauti, kisha alipe.

Ndugu wa kisasa wa mtumaji huyo ni yule anayekuandikia kwa jina la rafiki yako: samahani, nimekosea, zimekuja kwako tarakimu sita, nisomee. Zile tarakimu ni ufunguo wa mlango wako mwenyewe, na ukimsomea, baada ya dakika chache yeye ndiye wewe. Atawaandikia shangazi zako kwamba umelazwa na unahitaji hela. Tangu mwaka 2016 WhatsApp hufunga maneno yote kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, hata kampuni yenyewe isiyasome. Ni kazi nzuri ya hesabu, nayo haikusaidii lolote ikiwa mwizi ameingia kwa jina lako akiwa na ufunguo uliompa kwa mkono wako.

Najua lipo pingamizi. Wapo watakaosema maneno haya yanatufundisha kutoaminiana, na kwamba wazee wetu waliishi bila kufuli. Nawajibu kwa kuwapeleka kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Akina mama wanakaa chini ya mwembe na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku hulala kwa mmoja, funguo ziko kwa wengine watatu, na halifunguliwi mpaka wote wawepo na fedha zihesabiwe mbele ya kikao. Hao ni majirani, wamezikana na kuozana. Hakuna anayeona ametukanwa kwa kuwa ufunguo wake peke yake haufungui. Mtunza sanduku mwenyewe analala vizuri zaidi, maana hata likiguswa usiku hakuna wa kumnyooshea kidole. Mwizi akijua hayo yote, kufuli ngapi, nani ana nini, kikao siku gani, bado sanduku haliibiki. Kerckhoffs angewapa mkono.

Lawama iliyobaki ni ya wakubwa, nami sitaimeza. Taasisi zinatupigia simu zenyewe, kisha kabla ya kusema shida zao zinatudai majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, eti zihakiki kama ni sisi. Aliyepiga ndiye anayepaswa kujulikana kwanza! Kwa desturi hiyo wateja wanazoezwa kumjibu yeyote mwenye sauti ya ofisini, kisha likitokea la kutokea wanaambiwa hawakuwa makini. Ukipigiwa hivyo, kata simu kwa adabu, upige wewe namba iliyochapwa nyuma ya kadi yako. Wakikasirika, wakasirike.

Na kile kitabu cha wageni getini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na bado nikiingia jengo lolote la ofisi mlinzi ananisukumia daftari lililokunjika pembe, kalamu imefungwa kwa uzi, na mbele yangu umepangwa ukurasa mzima wa majina, namba za simu, namba za vitambulisho, anayetembelewa na saa ya kuingia. Anayetaka kumpigia mtu na kujifanya ofisa, amwambie alifika jengo gani na kumwona nani, hana haja ya kompyuta. Aje asaini polepole. Wenye majengo wanaweza kuanza hata wiki hii, kwa gharama ya kitu kidogo: karatasi moja kwa kila mgeni, inayotumbukizwa kwenye kisanduku chenye tundu juu, na baada ya muda uliopangwa zichomwe.