KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Gari Moshi Dogo

Mwezi huu twapenda kuwaeleza jinsi ya kurekebisha kichwa kidogo cha gari moshi hata kifanane na kile cha kweli.

Sisi tulichagua Garratt ya daraja la 59 ya Reli za Afrika Mashariki. Vichwa hivyo 34 viliundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Urefu wake ni futi 104. Kwa kipimo cha moja kwa 87 huwa inchi 14 na kitu. Chetu ni namba 5918, Mount Gelai, ambacho chenyewe kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli, Nairobi.

Kwanza kiosheni kwa sabuni, kwani rangi haishiki penye mafuta. Kisha toboeni matundu madogo, mtie vyuma vya kushikia vya waya wa shaba. Rangi ni damu ya mzee. Ipakwe nyembamba, mara mbili tatu, maana iliyo nzito hufunika vichwa vya ribiti. Magurudumu yasipakwe mahali yakanyagapo reli, kwa kuwa umeme hupitia hapo.

Tulipomaliza, tulibandika nyuma makaa yaliyopondwa, tukaona fahari. Tukampelekea babu yetu, aliyekuwa mtia moto wa vichwa hivyo. Akakitazama kitambo, akasema, "Wajukuu zangu, makaa haya ni ya nini? Sisi tulichoma mafuta. Tena hiki hakijapata kufanya kazi hata siku moja."

Tuliona haya. Miaka yote tumekaa naye nyumba moja, wala hatukumwuliza neno juu ya kazi yake.

Basi tukabandua makaa, tukaweka tangi la mafuta. Naye akatuonyesha kwa kidole: masizi nyuma ya dohani, madoa meupe ya chokaa panapovuja maji ya moto, weusi wa grisi penye mitambo. Kwa kazi hiyo chovyeni brashi, mwifute kwa kitambaa hata ikaribie kukauka, ndipo mwipitishe kwa wepesi.

Siku ya tatu babu alikishika mkononi, akakiita kwa jina lake, akatusimulia safari za usiku za kupanda kutoka Mombasa. Hatujapata kuzisikia kabla ya siku ile.

Enyi wenye wazee nyumbani, kabla ya kushika brashi, ulizeni. Kuuliza si ujinga.