Usihesabu Kangaruu Tu

Kuna wasee huzunguka zuu za dunia na lengo moja: kuona spishi nyingi iwezekanavyo za wanyama wa mfuko, wale ambao mtoto huzaliwa mdogo kama harage kisha anamalizia kukua kwenye mfuko wa mamake. Leo wameona wombati, mwaka ujao wanasaka kangaruu wa mitini. Watu huwacheka, ati ni kama kukusanya vifuniko vya soda. Mimi naona wametushinda.

Hebu fikiria. Wanyama hawa wana spishi zaidi ya 300. Wengi wako Australia na New Guinea, wengine wako bara la Amerika. Huku Afrika hakuna hata mmoja porini, ndiyo maana wengi wetu tunajua kangaruu na koala tu, na huyo koala bado tunamwita dubu ilhali hana undugu na dubu. Mtu wa orodha hawezi kuishia hapo. Akishamaliza kangaruu, orodha inamsukuma hadi kwenye nyumba ya giza, ambako taa hugeuza mchana kuwa usiku ili wanyama wa usiku waamke wageni wakiwepo. Anasimama pale akingoja kitu kidogo kama panya kichungulie. Mwenye selfi ashaenda kutafuta chipsi.

Subira hiyo ina maana. Wanyama wadogo wasio na jina kubwa ndio wanaohitaji macho. Zuu ya Perth huzalisha numbati, mla mchwa mwenye milia, na kuwarudisha porini. Shetani wa Tasmania naye aligunduliwa kuwa na saratani ya uso mwaka 1996, na wao huambukizana wakiumana. Zuu kadhaa zinafuga wasio na ugonjwa kama akiba.

Lakini kuona pekee hakuokoi mtu. Kati ya 1888 na 1909, serikali ya Tasmania ililipa watu pesa kwa kila thailasini aliyeuawa, mnyama wa mfuko aliyefanana na mbwa. Wa mwisho anayejulikana alikufa kwenye zuu ya Hobart tarehe 7 Septemba 1936, siku 59 tu baada ya sheria kuanza kumlinda. Wageni walikuwa wanamwona vizuri kabisa. Sheria ndiyo ilichelewa.

Kuna wanaosema zuu ni jela. Zingine ni jela kweli, sibishi. Ndiyo maana nasema orodha iwe na safu mbili: umemwona nani, na hii zuu inamfanyia nini zaidi ya kumwanika kwa wageni? Swali hilo halihitaji digrii. Kama uko Perth au Melbourne kwa masomo ama kazi, muulize mhudumu kabla hujaweka tiki. Akikosa jibu, acha hiyo nafasi wazi, na uwaambie wenzako kwa nini.