Kuungama kwa jumla hakutoshi



Wapendwa, kila ninapoongoza misa ya mazishi hufika wakati wa kusomwa wasifu wa marehemu. Tunaelezwa alikozaliwa, shule alizosoma, kazi alizofanya, watoto na wajukuu aliowaacha. Mwisho tunaambiwa alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu. Katika miaka yangu yote ya upadre sijawahi kusikia wasifu wa mtu mkorofi. Sina ugomvi na desturi hiyo, maana mbele ya jeneza si mahali pa kulipizana visasi. Hofu yangu ni kwamba tumezoea kujiandikia wasifu wa namna hiyo sisi wenyewe tungali hai, na tunakwenda nao hadi kwenye kitubio.

Leo napenda kuwasimulia habari za mwanamke aliyeandika wasifu wa namna nyingine. Gitta Sereny alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1921, akawa mwandishi wa habari za uchunguzi nchini Uingereza, na alifariki mwaka 2012. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumia watoto wakimbizi nchini Ufaransa. Baada ya vita alifanya kazi katika shirika la Umoja wa Mataifa lililosaidia wakimbizi, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwarudisha kwa wazazi wao watoto walioporwa na Wanazi. Alibaki na swali ambalo hakuliacha maisha yake yote: mtu wa kawaida, aliyelelewa na mama kama sisi, anafikaje kutenda uovu wa kutisha?

Mwaka 1971 alilipeleka swali hilo gerezani Düsseldorf, Ujerumani, kwa Franz Stangl. Huyu alikuwa mkuu wa kambi ya Treblinka nchini Poland, na alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha kwa kushiriki mauaji ya watu wapatao 900,000, karibu wote Wayahudi. Alikuwa Mwaustria, mbatizwa wa Kanisa letu. Asubuhi ya kwanza Stangl alirudia utetezi alioutoa mahakamani: alipewa amri, hakuwa na njia. Sereny akamwambia kwamba hayo yalikwisha kusemwa. Alimweleza wazi kuwa anachukizwa na yote aliyoyasimamia, lakini yuko tayari kumsikiliza tangu utoto wake, na ataandika kwa uaminifu atakachosikia.

Alimsikiliza kwa saa zipatazo 70. Siku ya mwisho Stangl alianza tena kusema kwamba yeye kwa mkono wake hakumdhuru mtu. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na kwa shida kubwa akakiri kuwa alikuwepo, na kwa hiyo ana sehemu yake katika hatia ile. Kabla ya siku moja kupita alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Kitabu cha Sereny, Into That Darkness, kilitoka mwaka 1974.

Mtu mwingine aliyemfuatilia kwa miaka ni Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, aliyefungwa miaka 20. Speer alisifiwa sana kwa sababu kule Nuremberg alikubali kubeba lawama ya jumla kwa maovu ya serikali yake. Lakini alipoulizwa kama alijua Wayahudi wanaangamizwa, alikana. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, Sereny alionyesha jinsi mtu anavyoweza kukubali kosa kubwa kwa ujumla ili asiguswe kwenye jambo moja mahususi.

Wapendwa, hapo nilikumbuka kiti cha kitubio. Wangapi huja na kusema, "Padre, mimi ni mdhambi, nimekosa mengi," kisha kimya? Au huja na dhambi za mume, za mkwe na za jirani? Mfalme Daudi naye aliweza kukasirikia dhuluma ya tajiri wa kwenye hadithi, mpaka nabii Nathani alipomwonyesha kuwa tajiri huyo ni yeye. Ndiyo maana Kanisa hutufundisha kutaja dhambi zenyewe. Mungu anazijua tayari. Sisi ndio tunaohitaji kuzisikia zikitoka vinywani mwetu, pamoja na zile za kutotimiza wajibu: tuliona, tukanyamaza.

Wako waliomlaumu Sereny. Mwaka 1998 aliandika kitabu cha pili juu ya mwanamke ambaye, akiwa na miaka 10 na kisha 11, aliua watoto wawili wadogo huko Newcastle mwaka 1968. Alipojulikana kuwa amemlipa mwanamke huyo fedha, kelele zilikuwa nyingi, na uchungu wa familia za wale watoto ulifufuka. Nadhani katika hilo la fedha walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kuuliza huyo mtoto mwenyewe alitendewa nini kabla ya siku ile si kumtetea muuaji. Ni kuwalinda watoto wengine.

Kuna jambo sisi mapadre hatuwezi kulikwepa. Baada ya vita Stangl alikimbilia Roma, na aliyemsaidia kupata hati na fedha za kwenda Syria alikuwa askofu, Alois Hudal. Sereny aliandika hayo bila chuki, na ni kweli. Nasi wa ukanda huu tunajua kwamba mwaka 1994, nchini Rwanda, watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na wabatizwa wenzao wakiwemo kati ya wauaji. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na waamini wake katika mauaji yale. Hakuiachia aibu hiyo isimuliwe na wengine tu. Jina la Kanisa halilindwi kwa kuficha. Parokia ikijua mtoto ameumizwa na ikanyamaza ili isiaibike, imeshachagua upande.

Wiki hii, kabla ya kwenda kuungama, kaa kimya nusu saa na ujiandikie wasifu wako bila kujipamba. Andika jina la uliyemdhulumu, kiwango cha fedha, siku uliyonyamaza. Kisha nenda kwa padre ukayaseme hayo, na kwa uliyemkosea ukayarekebishe. Stangl alifika huko saa chache kabla ya kufa, tena mbele ya mwandishi wa habari. Sisi bado tuna muda, na tunaye Bwana anayetungoja kwa huruma.

Nawatakia Dominika njema.