Grogu Kapewa Jina la Mlezi: Wanetu Tuwaambie Nini?



Leo tuzungumzie tamthilia ambayo wanetu wanaipenda mno, The Mandalorian. Sisi tulioolewa kutoka visiwani tukaletwa huku Itumba, wilayani Ileje, karibu na mpaka wa Malawi, tunaiona kila likizo. Baridi ya huku huwaingiza watoto ndani mapema, na flashi moja ikishajazwa muvi huzunguka nyumba hadi nyumba. Wapo wazazi wanaosema izimwe. Sisi tunasema wakubwa waangalie, lakini mama akae hapo hapo, maana mwisho wake una jambo lisilofaa kupita kimya.

Kwa asiyeijua: ilianza kuoneshwa Novemba 2019, na mtunzi wake ni Jon Favreau. Ni zile picha za kauboi walizozipenda baba zetu, ila farasi amegeuka chombo cha angani na jangwa liko sayari nyingine. Shujaa wake, Din Djarin, hulipwa kwa kuwasaka watu. Anatumwa amlete mtoto mdogo wa kijani mwenye masikio makubwa. Anamkabidhi, anachukua ujira wake, kisha nafsi inamsuta, anarudi kumwokoa. Tangu hapo anakuwa mlezi wake.

Mazuri yamo. Din mwenyewe alikuwa yatima aliyeokotwa akalelewa, na sasa anamlisha na kumlinda mtoto asiyemzaa. Tena hafunui uso mbele ya watu, kwa kushika mila ya waliomlea. Mabinti zetu hufurahi: "Kumbe na yeye ana nikabu!" Mabaya nayo yamo: risasi haziishi, na roho ya mtu ina bei. Kwa watoto wadogo hatuioni kuwa inafaa.

Lakini kubwa zaidi ni jina. Mwisho wa msimu wa tatu, Aprili 2023, Din anamfanya Grogu mwanawe, na mtoto anaitwa Din Grogu. Watoto hushangilia, na wakubwa hulengwa na machozi. Hapo ndipo mama anapotakiwa kusema neno.

Dini yetu imemtukuza mlezi wa yatima kiasi cha kuahidiwa ujirani na Mtume (S.A.W.) Peponi. Ila nasaba haibadilishwi. Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume mwenyewe, watu wakimwita Zayd bin Muhammad, mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab ikaamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Asiyejulikana baba yake ni ndugu yetu katika dini. Mapenzi ya Mtume kwa Zayd hayakupungua hata chembe kwa kurudishiwa jina la baba yake.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu nyumba zetu nyingi zina mtoto wa kulelewa: wa dada aliyefariki, wa shemeji, au aliyetangulia na mume. Huyo akimwona Grogu akipewa jina anaweza kuuliza, "Mbona mimi sipewi? Hamnipendi?" Kunyamaza ni jibu baya. Kumwandikisha skuli kwa jina la mlezi ili yaishe ni baya zaidi, maana hesabu yake huja siku ya harusi. Binti aliyekua akimwita mlezi "baba" anafika kwenye nikaha, shekhe anauliza walii wake nani, na chumba kizima kinatazamana. Walii ni baba mzazi, babu, kaka, ami. Akikosekana kabisa, kadhi. Mlezi huozesha akipewa uwakala. Binti asilijue hilo akiwa na hina mikononi.

Tena kuna mirathi. Mtoto wa kulea harithi kwa nasaba ya mlezi, lakini mlezi anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Na kuna stara: mtoto wa kiume akibaleghe, mama mlezi hujisitiri mbele yake, isipokuwa kama ni maharimu wake, au alimnyonyesha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni mara tano, kabla hajatimiza miaka miwili.

Maharusi wetu, ulizeni kabla ya nikaha: nyumba ninayoingia ina mtoto wa kulelewa? Anaitwa nani? Ameambiwa ukweli? Si kumkimbia mume, ni kuingia ukiwa umejipanga. Ukimkuta mtoto huyo, mpe sahani sawa na wenzake, kitanda sawa, nguo za Idi sawa. Jina lake muachie, ni amana aliyoachiwa na wazazi wake.

Na siku Grogu akipewa jina kwenye tv, mwambie mtoto wako: "Sisi tunakupenda vile vile, na tunakupenda na jina lako." Akilisikia kwenu mapema, hatalisikia kwa watu likamuumiza.

Allah awahifadhi mayatima wetu, awape subira wanaowalea, na awajaalie maharusi wetu nyumba zenye haki na huruma. Aamiin.