Kilio cha Mtoto Nyuma ya Simu



Mwezi uliopita, baada ya kikao chetu cha akina mama kanisani, mama mmoja alibaki nyuma akitusaidia kukusanya vikombe vya chai. Hivi karibuni amekabidhiwa uongozi wa ofisi yenye wafanyakazi kumi na mmoja, wengi wao akina mama vijana. Alituambia kwa uchovu, "Leo huyu mtoto wake ana homa, kesho yule dada wa kazi amemkimbia. Jamani, nitawaongozaje watu wa namna hii?"

Siku ile hatukumjibu. Swali lake lilitugusa penye kidonda cha zamani, nasi tukaomba muda. Leo tunamjibu, yeye na kila mama mwenye watu chini yake. Na tuanze mbali kidogo, kwa mama mmoja wa Uingereza ambaye kazi yake ilikuwa kompyuta.

Stephanie Shirley alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933. Mwaka 1939, akiwa na miaka 5, alipandishwa treni pamoja na dada yake na watoto wengine wengi, wakapelekwa Uingereza kuokolewa na utawala wa Hitler, kwa kuwa baba yao alikuwa Myahudi. Huko akalelewa na wazazi wa kambo waliompokea kama mtoto wao. Alipokuwa mkubwa aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta, na jioni baada ya kazi akasoma hisabati mpaka akapata shahada.

Katika miaka ile mwanamke aliyejua kutunga programu za kompyuta akiolewa, au akipata mtoto, mara nyingi ndio ulikuwa mwisho wa kazi yake. Mama Shirley aliona ujuzi mwingi umekaa jikoni bila kutumika. Mwaka 1962 akaanzisha kampuni yake mwenyewe juu ya meza ya chakula, kwa mtaji wa pauni 6, akawaajiri akina mama hao wafanye kazi majumbani mwao. Barua zake kwa wateja hazikujibiwa. Mumewe akamshauri atie sahihi kwa jina la Steve, ambalo ni la kiume. Majibu yakaanza kuja.

Mwaka 1963 alijifungua mtoto wa kiume, Giles. Mteja alipopiga simu, Mama Shirley aliwasha kanda yenye sauti za mashine ya taipu, ili anayepiga adhani ameipata ofisi kubwa yenye shughuli, na asisikie mtoto akilia.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mama mwenye akili kiasi kile, tena mwenye kampuni, alilazimika kuficha kilio cha mtoto wake ili aaminiwe. Je, katika ofisi zetu na nyumba zetu, ni nani anayetuficha kilio cha mtoto wake leo?

Tutawaeleza kwa nini jambo hili linatuuma. Miaka mingi iliyopita tulikabidhiwa usimamizi wa wodi ya watoto. Tulikuwa na daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu, na kalamu ile tuliipenda. Muuguzi mmoja kijana alichelewa mara nne katika mwezi mmoja. Hatukumwuliza sababu. Tulimwandikia barua ya onyo. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Sista," akarudi kuwapima watoto joto. Wiki tatu baadaye aliacha kazi.

Ndipo wenzake wakatuambia. Mtoto wake alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Usiku alikesha naye kwa maumivu, alfajiri akampeleka kwa bibi yake, kisha ndipo akatafuta basi. Wodi nzima ilijua isipokuwa sisi, mkuu wake. Na kitu cha kutuaibisha zaidi ni kwamba kila wiki tulikuwa tukiwafundisha akina mama wa watoto wenye ugonjwa huo huo, mita chache kutoka pale alipokuwa amesimama.

Haikupita muda akaletwa mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara. Muuguzi yule alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote katika kuupata mshipa wa mtoto mdogo. Usiku ule hakuwepo. Tulimchoma yule mtoto mara sita, mama yake akitutazama, ndipo tukafanikiwa. Mungu alisaidia, mtoto akapona. Lakini tulipokwenda kunawa mikono tulijua wazi ni nani aliyemwondoa mwenye mkono mwepesi katika wodi ile.

Sasa, tumejifunza nini kwa Mama Shirley na kwa kosa letu?

Kwanza, tupime kazi yenyewe. Akina mama wa kampuni ile walitunga programu nyumbani kwa penseli na karatasi, wakazituma kwa posta zikatobolewe kwenye kadi au utepe wa karatasi, maana ndivyo kompyuta za wakati ule zilivyosoma. Wateja walitajiwa bei moja ya kazi nzima. Hivyo hapakuwa na haja ya kuuliza kama mtungaji alifanya kazi saa tatu asubuhi au saa tatu usiku watoto wakiwa wamelala. Lakini tusidhani ulikuwa uongozi wa kulegea. Kazi ilipotobolewa ilirudiwa kutobolewa mara ya pili ili kuhakiki kwamba haina kosa. Ndipo akina mama 30, kila mmoja nyumbani kwake, wakaaminiwa kutunga programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde, kile kinachotunza kumbukumbu za safari.

Mtasema, mgonjwa hatundikiwi dripu kwa posta. Ni kweli. Wodi inahitaji mtu awepo, na duka vilevile. Lakini hata hapo kuna nafasi. Baadaye tulilifungua tena lile daftari, tukaona kwamba mara zote nne muuguzi yule alichelewa zamu ya asubuhi. Zamu ya mchana hakuchelewa hata siku moja. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu, kwa wino wetu wenyewe. Kumbadilishia zamu kusingetugharimu hata senti.

Pili, tuulize kabla ya kuandika. Tumwite mtu faraghani, tumkalishe, tuseme, "Mwenzangu, naona asubuhi inakushinda. Kuna nini nyumbani?" Huenda tukasikia uvivu, na uvivu una dawa yake, ikiwemo barua. Lakini tusitoe dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Tatu, tugawane matunda. Mama Shirley aliwagawia wafanyakazi sehemu kubwa ya kampuni. Ilipoingia katika soko la hisa la London mwaka 1996, wafanyakazi 70 wakawa mamilionea. Wengi wetu hatuna hisa za kugawa. Tunazo sifa. Mkubwa akisifu kazi yetu, tumtaje kwa jina yule aliyeifanya, naye awepo akisikia.

Nne, kiongozi asibebe peke yake. Giles alikuwa mtoto wa kawaida mpaka alipokaribia miaka mitatu, kisha maneno yakampotea. Alikuwa na usonji mzito, na baadaye kifafa. Mama Shirley alibeba kampuni kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, mpaka yeye mwenyewe akaanguka kwa msongo na kulazwa hospitali, kama alivyosimulia hadharani. Giles alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35. Mama yake alitoa sehemu kubwa ya mali yake kusaidia watu wenye usonji, ikiwemo kuanzisha shule ya Prior's Court, na alifariki mwezi Agosti 2025 akiwa na miaka 91. Mwanamke aliyewafungulia wenzake njia ya kupumua alichelewa kujifungulia yeye mwenyewe. Akina mama, tukumbuke hilo tunapokubali kila kamati na kila kikundi tunachoombwa kukiongoza.

Kabla hatujamaliza, tusiishie ofisini. Yule dada anayetulelea watoto naye ni mfanyakazi, na sisi ndio ofisi yake. Akipata habari kwamba mama yake kijijini ni mgonjwa, je, atatuambia, au atalia chooni bomba likiwa wazi tusisikie? Wengi tunawahi kazini kwa sababu yeye ameamka kabla yetu. Tuanzie kwake.

Na wewe mama wa vikombe vya chai, jibu letu ni hili. Chukua daftari lako jioni moja, uliangalie tena polepole. Tazama ni nani anachelewa, siku gani, saa gani. Kisha waite mmoja mmoja uwaulize. Huenda kati ya wale kumi na mmoja ukamkuta mmoja au wawili wanaokudanganya. Waliobaki watakuwa wamekaa muda mrefu wakisubiri kuulizwa.

Yule muuguzi tulimtafuta baada ya mwaka mmoja, tukamwomba msamaha. Alitukaribisha ndani, akatupa chai. Kazini hakurudi.

Tuonane mwezi ujao, tukijaliwa.