Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wahenga walituachia neno hili: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twalisema kila abishapo mtu hodi, wala hatuulizi kama kweli mwenyeji hupona. Leo nataka tulipime neno hilo. Nasema tulipime hasa, kwa debe, kwa mizani na kwa daftari.

Yuko mama mmoja, mjane, mkaaji wa mji wetu wa Kisangani, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 10. Nyumba hiyo ndiyo inayowalipia wajukuu wake karo ya shule. Wageni wake ni wa namna nyingi: wachuuzi waliokuja kwa mto, wataalamu waendao Yangambi, na watazamaji waliotoka mbali ili kuona Wagenia wakitega migono yao mikubwa penye maporomoko ya Boyoma.

Siku moja alinijia, uso umekunjamana.

“Mwalimu,” akasema, “nyumba imejaa, na mfuko ni mtupu. Tena jirani yangu wa bondeni amenijia kwa uchungu. Asema maji ya kisima chake yananuka tangu nilipoongeza vyumba, na watoto wake wanaharisha. Nifanyeje?”

“Pole, Mama. Daftari lako liko wapi?”

“La fedha ninalo.”

“Na la mazutu? Na la makala? Na la maji?”

Akacheka kidogo. “Mwalimu, nani huandika maji?”

Mali bila daftari huisha bila habari, Mama. Na maji ni mali, na msitu ni mali, hata hewa tuivutayo ni mali.

Tukamwita mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, tukampa daftari jipya na kazi ya siku 30. Kila jioni atumbukize kijiti chenye alama katika pipa la mazutu, aandike kiasi kilichopungua. Apime makala kwa mizani kabla hayajaingia jikoni. Ahesabu ndoo za maji na chupa tupu za plastiki. Mwisho aandike vyumba vingapi vimelaliwa usiku ule. Kijana alifanya kazi yake kwa uaminifu, nami nawaletea hesabu yake.

Umeme wa mji wetu watoka maporomoko ya mto Tshopo, kwa mitambo iliyojengwa miaka ya 1950. Ni umeme wa maji, hauna moshi. Lakini haufiki kila nyumba wala kila saa. Kwa hiyo mama huyu huwasha jenereta tangu saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Jenereta ilikunywa lita 10 kila usiku, yaani lita 300 kwa mwezi. Sasa sikilizeni, wanafunzi: kila lita 1 ya mazutu ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, ile hewa inayozidisha joto la dunia. Zidisheni: 300 mara 2.7 ni kilo 810. Katika mwezi ule vyumba vilivyolaliwa, usiku kwa usiku, vilikuwa 180. Gawanyeni: kila chumba kwa usiku mmoja kilikuwa na kilo 4.5.

Kanuni hiyo ya kugawanya si yangu. Mwaka 2012 mashirika ya dunia ya mambo ya hoteli na utalii yalipatana juu ya njia moja ya kuhesabu hewa ukaa ya hoteli, na kipimo chake kimojawapo ni hicho: chumba kilicholaliwa. Hoteli ya ghorofa 20 na nyumba ya mjane wetu zaweza kutumia kanuni ile ile.

Tukaja kwenye makala. Jiko la chakula na maji ya kuogea vilikula kilo 120. Mtaona ni magunia machache tu. Lakini katika tanuru zetu za udongo, kilo 1 ya makala hula kilo 5 hadi 10 za mti. Basi kwa mwezi mmoja nyumba ile ilichoma kati ya kilo 600 na 1,200 za msitu, na sehemu kubwa ilikuwa ya kupasha maji moto katika mji huu wenye joto!

Msitu huo si kitu kidogo. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, aliutaja ukanda wetu wa Kongo pamoja na ule wa Amazon kuwa mapafu ya dunia. Na huko Yangambi, yapata kilomita 100 kutoka hapa kwa kuteremka mto, wataalamu walisimamisha mwaka 2020 mnara wa mita 55, unaopita vilele vya miti, ili kupima jinsi msitu unavyovuta na kutoa hewa ukaa. Wao wana mnara. Sisi tuna kijiti na daftari. Kazi ni moja.

Likabaki neno la jirani. Hapo hatukuhitaji mizani. Tulipima kwa kamba: kutoka shimo la choo cha wageni hadi kisima cha bondeni ilikuwa mita 14. Desturi nzuri ni kuacha mita 30 angalau, na shimo lisiwe juu ya kisima. Wakubwa kati yetu wanaukumbuka mwaka 2011, kipindupindu kilipozuka hapa Kisangani mwezi wa Machi, kikateremka na mto hadi Kinshasa. Uchafu wa nyumba moja haukai nyumbani.

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mwalimu, nimeweka akiba ya kununua mashine ya kupoza hewa, kwa vyumba viwili. Yuko mgeni wangu wa siku nyingi anayeidai. Nisipoinunua atahama.”

“Akiba ni yako, Mama. Mimi nimekusomea daftari tu.”

Hakulala usiku ule. Asubuhi akamwita fundi, si wa mashine, bali wa kuchimba. Shimo jipya likachimbwa upande wa pili wa kiwanja, mbali na kisima chochote. La zamani likafukiwa. Kisima cha jirani kikafungwa, na mama akaweka tangi la maji ya mvua, jirani achote bure. Mapipa mawili yakapakwa rangi nyeusi, yakawekwa juani, na jioni wageni huoga maji ya vuguvugu bila hata kipande kimoja cha makala. Balbu za zamani zikaondolewa, zikawekwa zile zinazotumia umeme kidogo, na jenereta huzimwa saa 3. Maji ya kunywa huchemshwa, hutiwa katika mitungi. Chupa za plastiki zimepungua.

Mwezi wa pili mazutu yalikuwa lita 180, na vyumba vilivyolaliwa vilikuwa 180 tena. Kilo 4.5 zikawa 2.7. Makala yakashuka kutoka kilo 120 hadi 70. Yule mgeni wa siku nyingi alihama kweli, sitawaficha. Lakini fedha ya mazutu iliyookoka ilifidia pengo lake, na jirani sasa hupita uani akiamkia.

Nawaonya jambo moja, maana hesabu nayo yaweza kudanganya. Tuseme nyumba yapanuliwa, wageni waongezeka, vyumba vilivyolaliwa vyawa 360, na mazutu lita 360. Kwa kila chumba bado ni kilo 2.7, na mwenye nyumba atajisifu. Lakini jumla ni kilo 972, kupita zile 810 za kwanza! Kwa hiyo andikeni tarakimu mbili sikuzote: ya chumba kimoja, na ya nyumba nzima. Ya kwanza yaonyesha bidii yenu. Ya pili ndiyo inayouhusu msitu.

Nanyi msio na nyumba ya wageni msiseme, hayo si yetu. Kila jamaa ina jiko, choo na jirani. Mpeni mtoto mmoja daftari mwezi huu. Pimeni kwanza makala, kisha kamba kutoka chooni hadi kisimani.

Mgeni akija, mwenyeji apone. Na jirani wa bondeni apone pia.