Tamko Kuhusu Kazi ya Profesa Issa Shivji na Ardhi ya Vijiji

Sisi wanachama wa chama cha wakulima na wavuvi hapa Kasanga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, tumekaa, tukajadiliana na kukubaliana kutoa tamko hili kwa wananchi, viongozi wa vijiji na Serikali.

Kwanza tunatoa shukrani kwa Profesa Issa Shivji. Mzaliwa huyu wa Kilosa alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1970 hadi alipostaafu 2006. Mwaka 2008 alikabidhiwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika. Maandiko yake kuhusu Katiba na Muungano wasomi watayaeleza vizuri kuliko sisi. Sisi tunaisemea ardhi.

Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuongoza Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilizunguka Tanzania Bara, ikaitisha mamia ya mikutano ya hadhara, ikasikiliza wakulima na wafugaji wakieleza walivyopokonywa maeneo yao. Ripoti ikakabidhiwa Novemba 1992. Humo mwanasheria wa Katiba anaonekana waziwazi: anauliza mamlaka juu ya ardhi ni ya nani. Tume ilipendekeza ardhi iingizwe ndani ya Katiba, na ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikukubali. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ziliiacha ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini.

Hata hivyo, hoja ya Shivji haikupotea yote. Chini ya Sheria Na. 5, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Tatizo linakuja pale ardhi ya kijiji inapohamishwa kuwa ardhi ya jumla, isiyo tena chini ya kijiji. Eneo lisipozidi hekta 250, mkutano mkuu unakubali au kukataa. Likizidi hapo, anayeamua ni Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Kwa hiyo eneo linapokuwa kubwa, na watakaohama wakawa wengi, ndipo wanakijiji wanabaki kutoa maoni tu. Hili hatulikubali.

Tunawataka wenyeviti na watendaji wa vijiji vya Kalambo wasipeleke barua yoyote ya ardhi wilayani kabla mkutano mkuu haujakaa na muhtasari wake kusomwa mbele ya wote, wanawake wakiwemo. Tunaomba nakala ya Sheria Na. 5 kwa Kiswahili iwekwe katika kila ofisi ya kijiji. Na mchakato wa Katiba mpya, uliokwama tangu kura ya maoni ya Aprili 2015 ilipoahirishwa, utakapofufuliwa, tunadai pendekezo la Tume ya Shivji lirejeshwe mezani: mamlaka ya mkutano mkuu wa kijiji juu ya ardhi yake yaandikwe ndani ya Katiba.

Limetolewa Kasanga, Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa.